Boliti ya Panga la Pili

Sumbawanga, Jumamosi mchana

Skolastika mwanangu,

Umetoka na baba yako kwenda Kaengesa kuwaaga shangazi zako, na kwa ninavyowajua hawatawaachia mpaka mle. Kwa hiyo nina nyumba tupu na saa chache za kuandika. Sweta nimelikunja. Sabuni nimeikata vipande viwili. Cheti chako kiko kwenye bahasha ya kaki, chini kabisa ya sanduku. Mambo ya treni, ya kutompa mtu mzigo wako akushikie, ya kuandika barua kila mwisho wa mwezi, tumeyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza sentensi. Hayo nayaacha. Ninayotaka kukuandikia sijakwambia hata mara moja.

Barua hii nitaiweka ndani ya kitambaa cha maandazi. Utaikuta basi likishapita Laela, njaa ikianza kuuma, na hapo hutaweza kurudi nyumbani kuniuliza. Sifichi kwamba nimepanga iwe hivyo.

Unakwenda kujifunza ufundi wa ndege. Siku ile barua ya kuitwa chuoni ilipofika, baba yako aliisoma kwa sauti mara tatu, na mimi nikatoka nyuma ya nyumba nikajifanya naanua nguo. Ulidhani nalia kwa furaha. Furaha ilikuwepo, ndiyo. Lakini nilikuwa nafikiria pia karatasi ambazo siku moja utatakiwa kuzitia sahihi kwamba ndege fulani imekaguliwa na iko tayari kuruka, na watu wasiokujua watapanda na watoto wao. Mimi niliwahi kusema neno hilo, tayari, juu ya chombo cha kuruka. Chombo chenyewe kilikuwa kidogo, ungeweza kukibeba mikononi kama mtoto mchanga. Na hakikuwa tayari.

Habari ya Fundi Deo unaijua, au unadhani unaijua. Kila aliyekulia kijijini kwetu anaijua hivi: Deo wa karakana ya misheni alirusha helikopta ya Bruda mbele ya wageni, hakuwa amefunga boliti vizuri, panga moja linalozunguka juu likachomoka, likampiga, jicho la kushoto likaenda. Mzembe aliyejiumiza mwenyewe. Wewe ulikuwa na miaka tisa, umelala ndani na surua, bibi yako amekutundikia kaniki dirishani mwanga usikuumize macho. Hukuona kitu. Uliyoyajua uliyasikia kwa watoto wenzako.

Sasa nisikilize mimi.

Bruda Klementi, mtawa aliyesimamia karakana ya misheni, alikuja na sanduku la helikopta ile kutoka likizo kwao. Ndani mlikuwa na vipande zaidi ya mia mbili, na aliviunganisha kwa miezi mitano, jioni jioni, baada ya kufunga mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa nafundisha sayansi shule ya msingi, sina hata koili ya waya ya kuwaonyesha watoto, kwa hiyo nilikwenda kumwomba vyuma chakavu. Nikaiona mezani. Nikauliza swali, na yeye akanijibu kwa swali, na kuanzia wiki ile nikawa naenda kila Jumatano na Ijumaa. Watu walisema mwalimu anakwenda kujifunza uanaume. Babu yako mzaa baba aliposikia, alisema tu kwamba mtu aliyesomeshwa asipotumia alichosomea ni kama amelala njaa ghalani. Tangu siku hiyo maneno yakapungua. Kumbuka hilo kuhusu babu yako, maana ataingia tena katika habari hii na sitaki umlaumu.

Helikopta ile iliongozwa kwa redio. Anayeirusha anasimama chini na kisanduku chenye vijiti viwili na antena ndefu. Akisogeza kijiti, kisanduku kinatuma mawimbi, na ndani ya mashine kuna mota ndogo ndogo zinazoyapokea na kuvuta waya za chuma, moja ya mkia, moja ya mafuta, nyingine za kuinamisha mapanga. Injini yake ilikuwa kama kibiriti kwa ukubwa, ikinywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na moshi wake ulinukia mpaka kanisani. Watoto waliiita Kerengende.

Mapanga ya juu yalikuwa mawili, ya mbao, kila moja urefu wa mkono wangu kutoka kiwikoni mpaka ncha ya vidole. Kila panga lilishikwa na boliti moja tu, iliyosimama wima, na chini yake nati. Boliti moja, Skola. Bruda alinieleza kwamba hewa yetu huku juu Ufipa ni nyepesi, injini inahema kama mtu aliyepandisha mlima na mzigo, na mapanga hayapati kitu cha kutosha cha kushika. Kwa hiyo ilibidi yazungushwe kwa nguvu kuliko kwao, na kila boliti ibebe zaidi ya ile iliyokusudiwa na aliyeitengeneza. Alinifungia jiwe kwenye kamba, akanipa nilizungushe juu ya kichwa, kisha akaniambia nizidishe kasi. "Unasikia anavyotaka kwenda?" alisema. Kiswahili chake kila kitu kilikuwa mtu. "Yeye anataka kwenda siku zote. Boliti peke yake anamwambia baki."

Kwa sababu hiyo hakukuwa na kurusha bila kukagua. Alichora orodha kwa rangi nyeupe kwenye ubao na kuutundika ukutani. Betri za kisanduku na za mashine, zimejaa? Antena ikunjwe, mtu atembee na kisanduku hatua hamsini, je, mashine bado inamsikia? Vijiti visogezwe kimoja kimoja, mwenzake atazame kama kila waya unakwenda upande unaotakiwa. Panga la kwanza, panga la pili, boliti na nati. Mkia. Mafuta. Watu wako nyuma ya kamba? Kulikuwa na mistari kumi na minne. Siku zote tulikuwa wawili: mmoja anagusa na kusema, mwingine anasikiliza na kutazama. Kutazama kwa macho bila kugusa hakukuhesabiwa.

Na chini ya ubao, kwa rangi nyekundu, aliandika: Ukikatizwa, anza mwanzo.

Huo ndio mstari aliotutesa nao zaidi. Alikuwa akituacha tufike mstari wa tisa, halafu anaita kutoka nje, "Mwalimu, chai." Ukienda kunywa chai na kurudi kwenye wa kumi, anafungua boliti zote na kuzimwaga kwenye beseni. Aliita kwa mvua, kwa nyoka wa uongo, mara moja kwa padre. Deo alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Alisema Bruda angefaa kuwa mke wa pili, kwa kujua saa ya kukusumbua.

Deo ndiye alikuwa mrushaji. Kijana mpole, mikono yake ilitulia kama imelazwa mezani. Mimi nilijaribu mara mbili na mara zote mbili Bruda alininyang'anya vijiti. Kazi yangu ikawa kukagua. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, vilifika mahali ambapo vya Deo havikufika.

Basi ikaja siku ya sherehe ya kijiji. Tulikuwa tumemaliza kuhamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, na mgeni kutoka wilayani alikuwa anakuja kutazama shamba la pamoja la mahindi na ulezi. Mwenyekiti wetu wa kijiji alitaka kitu ambacho kijiji kingine hakina. Bruda alikuwa amelala na malaria, anatetemeka mpaka kitanda kinasogea, na alituma neno kwamba ngojeni nipone. Mwenyekiti akasema mgeni hawezi kungojeshwa kwa ajili ya mbu. Alikuja karakana mwenyewe asubuhi ile, akatuuliza mimi na Deo: mnaweza au hamwezi? Deo akanitazama. Nikasema tunaweza. Na ni kweli, tuliweza. Tulishafanya mara ishirini na zaidi.

Tukaibeba mpaka ukingoni mwa uwanja wa mpira. Kamba ilifungwa hatua thelathini kutoka katikati, na watoto wa shule walikaa mbele chini, kwa madarasa, wadogo kwanza. Ngoma zilikuwa zimeshaanza. Mwenyekiti alituma mtu kutuuliza bado muda gani, na baada ya muda mfupi akamtuma tena. Upepo ulikuwa unaanza kunyanyua vumbi, na nilijua ukizidi tutashindwa. Nilikagua betri. Tulipima redio. Nilitazama waya. Nikashika spana, nikafunga boliti ya panga la kwanza na kuivuta mpaka ikakataa. Nikasema, "Panga la kwanza." Deo akasema, "Panga la kwanza." Nikahamia la pili, nikaizungusha nati kwa vidole mpaka ikagusa, nikainua spana.

Hapo nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Alikuwa babu yako.

Alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka kwake. Alivaa koti lake la kijivu. Hakutaka kwenda kukaa kwanza; alitaka kumwona mkwewe akiwa kazini, mbele ya watu, ili watu wamwone akiniona. Wewe umekulia mjini nusu ya maisha yako, na hujaolewa, kwa hiyo nikueleze. Mkwe wa kike kwetu hasalimii akiwa amesimama, wala akiwa na kitu mkononi. Niliweka spana chini. Nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa, nikainamisha kichwa. Akaitikia. Akaniuliza habari za nyumbani, za mume wangu aliyekuwa Kasesya na lori la ushirika, za surua yako, za ng'ombe. Nikajibu moja baada ya nyingine. Salamu yetu haikatwi katikati. Kwa Bruda ningeweza kusema ngoja kidogo. Kwa babu yako neno hilo halikuwepo kabisa kinywani mwangu. Ungeniuliza siku ile ningekwambia hata sikukatizwa, nilimsalimia baba tu. Nadhani hiyo ndiyo sababu onyo la ubaoni halikunijia. Nilifundishwa kulikumbuka kwa chai, kwa mvua na kwa nyoka.

Babu yako akaenda kukaa kwenye kiti, mstari wa mbele. Mimi nikasimama, nikapangusa magoti. Deo akauliza, "Tumefika wapi, Mwalimu?"

Mkono wangu ulikuwa bado unakumbuka spana. Ulikumbuka kuvuta mpaka ikakataa. Haukukumbuka kwamba lilikuwa panga la kwanza.

"Panga tayari," nikasema.

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Nilipotamka nilisikia kitu kidogo, kama unapotoka nyumbani na kuhisi hujafunga mlango. Kilikuwepo. Nilikisikia. Mwenyekiti alikuwa amesimama anaangalia saa, baba mkwe ananitazama, na kuanza mwanzo kungekuwa kama dakika kumi. Nikaenda kwenye mkia.

Ilipaa vizuri. Injini ilipiga kelele, Deo akainyanyua mpaka usawa wa kifua, akaituliza, akaipandisha juu ya goli. Watu walipiga vigelegele mpaka ngoma zikanyamaza. Nilimwona babu yako amesimama. Kisha mlio ukabadilika. Sijui nikueleze vipi, ulikuwa mlio ule ule lakini una kigugumizi ndani yake. Deo aliusikia kabla yangu, akaanza kuishusha. Ilikuwa imebaki kimo cha mtu mmoja na nusu.

Panga sikuliona. Niliona mashine inajipiga yenyewe kama kuku aliyechinjwa, na nikamwona Deo amesimama hatua kumi kutoka pale, vidole bado vinasogeza vijiti, upande mmoja wa uso wake mwekundu wote. Mashine ilikuwa imeshaanguka na yeye bado alikuwa anaishusha.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Najua kwamba kitu kinachochomoka kwenye mzunguko huenda moja kwa moja kutoka pale kilipoachiliwa. Kama panga lingeachiliwa nusu mzunguko baadaye, lingekwenda kwa watoto wa darasa la kwanza. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi sana nikiwa jikoni, na jibu halibadiliki.

Mtu mmoja aliyefuatana na mgeni alianza kusema neno hujuma. Unajua uzito wa neno hilo miaka ile. Mashine ya kigeni, yenye redio, imelipuka mbele ya kiongozi. Wiki tatu baadaye Deo alipotoka hospitali, amefungwa bendeji, kamati ya kijiji ikaitishwa. Mimi nilikuwa mwandishi wa vikao kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilikaa mwisho wa meza na daftari. Mwenyekiti akauliza nani alifunga panga.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilikuwa nimepanga kusema. Nilimfikiria baba yako na kazi yake ya ushirika, nilikufikiria wewe, nilifikiria watu watakavyosema kuhusu mwanamke na vyuma. Yote hayo yalipita kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na Deo akasema kabla yangu. Alisema, "Chombo kilikuwa mikononi mwangu. Andikeni mimi."

Nikaandika. Mwandiko wangu, Skola, ule ule unaousoma sasa. Fundi Deogratias amekiri mbele ya kikao. Sikuchafua hata herufi moja.

Jioni ile Bruda aliniita. Aliuliza jambo moja tu: "Mwalimu, ulianza mwanzo?" Nikamwambia ndiyo. Akachukua kiti, akapanda, akautoa ubao ukutani. Hakurusha tena kitu chochote, na mwaka uliofuata alirudi kwao. Kamati iliacha habari ya hujuma na kubaki na uzembe. Deo akaondolewa karakana. Akahamia mjini, Mazwi, anatengeneza baiskeli na majiko ya mafuta ya taa mlangoni kwake, na sisi tulipohamia mjini mwaka uliofuata nilijifunza kupita njia nyingine kwenda sokoni.

Kuna siku ulirudi shuleni unaimba wimbo wa watoto, ule wa Deo jicho moja boliti moja. Nilikuchapa. Ulilia zaidi kwa mshangao kuliko kwa maumivu, maana sikuwa mtu wa kuchapa. Ukaniuliza umekosa nini, nikakwambia nyamaza. Hukuwa umekosa kitu. Nisamehe kwa siku hiyo.

Nilitaka kuendelea hapa na kukueleza nilichojifunza. Nimekaa na kalamu muda mrefu, chai imepoa. Ninaona kitu ambacho ningekikata kwa wino mwekundu kwenye daftari la mwanafunzi: ninakiri kwako wewe, ambaye hukupoteza jicho, na yule aliyelipoteza anakaa mwendo wa nusu saa kutoka hapa. Nikikupa barua hii bila yeye kujua, nitakuwa nimekutwisha siri yangu uende nayo Dar es Salaam. Saa tisa imepita kidogo. Nakwenda Mazwi. Miguu haitaki, nakwambia kweli. Anaweza kunifukuza mbele ya majirani, na atakuwa na haki. Anaweza pia kwenda kunishtaki kwa wakubwa wake wote wa zamani, na hapo sijui ualimu wangu utakuwaje.

*

Nimerudi. Ninyi bado hamjafika. Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kupamba.

Alikuwa amekaa kwenye gogo mlangoni, ameigeuza baiskeli ya mtu miguu juu, ananyoosha rimu. Anafanya hivi: anazungusha gurudumu na kulitazama kwa jicho la kulia, kichwa amekilaza, na anakaza spoku moja moja. Aliponiona alisema, "Mwalimu. Leo umepotea njia yako ya sokoni." Kumbe alijua. Mke wake akaniletea kigoda na kikombe cha togwa, akasalimia, akaingia ndani.

Sikunywa. Nilimwambia pale pale, nikiogopa kwamba nikingoja nitaondoka. Nilimwambia habari ya spana, ya babu yako, ya neno tayari, ya kile kitu kilichonijia nikakipita. Nilimwambia habari ya Bruda na uongo wangu. Aliendelea kuzungusha gurudumu muda wote, akikaza, akilegeza. Nilipomaliza akalisimamisha kwa kiganja.

"Nilikuona," akasema.

Sikumwelewa.

"Ulirudi, ukapangusa magoti. Spana ilikuwa chini kwenye majani, pale pale ulipoiweka. Hukuiokota. Nikakuuliza tumefika wapi, ukasema panga tayari. Nikajua siyo. Nikataka kukuuliza tena. Mkweo yuko pale na koti lake, anakuangalia kama umezaa mapacha. Nikasema moyoni, nitamwaibishaje mwalimu mbele ya mkwewe? Labda alikaza mapema mimi sikuona. Nikawasha injini."

Nikamuuliza kwa nini basi kwenye kikao alijitwika.

"Sikujitwika. Nilisema lililokuwa langu. Nilingoja na wewe useme lako." Akachukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nakungoja, Mwalimu. Hata usingesema kwa kamati. Ungekuja tu hapa. Ulipokuwa unanikwepa nilidhani unajua kwamba nilikuona na sikukuuliza, ndiyo maana hutaki kuniona. Nilidhani unanilaumu."

Hilo sikulitegemea kabisa. Miaka tisa nilijificha kwa aibu yangu, na yeye akausoma mgongo wangu kama hukumu juu yake. Nilikaa kwenye kigoda kama mtoto aliyesimamishwa ubaoni.

Akauliza kama wewe unajua. Nikasema nilikuwa nakuandikia. Akasema, "Mwandikie na langu. Ubao wa Bruda ulikuwa na onyo la aliyekatizwa. Onyo la anayetazama halikuandikwa. Huko anakokwenda atakuwa na wakubwa, wana vyeo na nyota, na atawaona siku moja hawakugusa mahali fulani na wamesema wamegusa. Aulize. Akijibiwa, aulize tena." Kisha akacheka kidogo, kile kicheko chake cha karakana. "Watasema hana adabu. Ni kweli, hana. Abaki na macho yote mawili."

Kesho asubuhi atakuja stendi kukuaga, kwa hiyo barua hii siiweki tena kwenye maandazi; nitakupa mkononi usiku huu uisome. Mwamkie, na ukitaka kumuuliza chochote muulize, atakueleza. Kama umeona aibu kwa ajili yangu, ni sawa, sitakukataza.

Sikumwomba anisamehe, maana niliona nitakuwa namwomba anipe kitu kingine tena juu ya alivyokwisha kutoa. Na yeye hakusema amenisamehe. Lakini niliponyanyuka, alinyanyuka pia, akanisindikiza, kama mtu anavyomsindikiza mgeni. Mimi nilikuwa upande wake wa kushoto. Tulipokaribia njia panda, baiskeli ilikuwa inashuka mteremko ule wa Mazwi kwa kasi, mtu amepakia madebe mawili, hana breki, inakuja upande ule ule.

Nikasema, "Baiskeli, kushoto kwako."

"Nimeiona," akasema, na akaendelea kutembea.

Nikamshika mkono. "Umeiona kweli?"

Akasimama. Akageuza kichwa chote, polepole, mpaka jicho lake la kulia likafika upande wangu, na baiskeli ikapita mbele yetu na upepo wake.

"Sikuwa nimeiona," akasema.

Mama yako